Miezi saba na kamera ya mtumba: Canon 600D, lenzi ya 50 na pesa zilizoniponyoka

Wacha nianze na pesa juu najua hapo ndio kila mtu anaangalia kwanza. Nilikuwa nimejiwekea elfu thelathini, nimezidunduliza kwa M-Pesa kidogo kidogo tangu Januari, na nikaapa hata shilingi moja haitazidi. Nimemaliza na 40,250. Na kamera yenyewe ilikula 24,500 tu! Hizo zingine zilienda kwa vitu vidogo vidogo ambavyo huwezi kuvikumbuka ukiwa umelala kitandani unaangalia video za watu wa Ulaya wakisema kamera siku hizi ni bei ya bure.

Mimi si mpiga picha wa harusi na sina mpango wa kuwa. Niko ofisini wiki nzima, Jumamosi mchana niko huru, na kitu napenda ni kuzunguka nikipiga picha za matatu za Rongai, za mathe akija kunitembelea, na za wale korongo wakubwa wabaya wa sura wanaokaa juu ya miti huko karibu na uwanja wa Nyayo. Basi. Kwa hivyo soma haya ukijua ni mtu wa kujifurahisha anaongea, usije ukachukua hii kamera ukaenda kufanyia mtu ruracio (sherehe ya mahari) halafu unitafute.

Tena kama shida yako ni picha ya status, baki na simu yako, nakuambia kwa roho safi. Simu za sasa zinapiga picha kadhaa kwa mpigo mmoja zinazichanganya zenyewe, usiku unapata picha nzuri hata hujui ilitoka wapi, na hii kamera yangu ya 2011 haijui huo mchezo kabisa. Kilichonifukuza kwa simu ni kilemba. Mathe alikuja Pasaka amefunga kilemba cha kitenge kizuri sana, nikampiga na ile modi ya kufifisha nyuma, simu ikachanganyikiwa ikadhani nusu ya kilemba ni ukuta, ikakifuta futa. Nikajaribu mara tano, mara zote tano kilemba kina kona moja imeliwa. Nikasema hapana, nataka lenzi inayofifisha nyuma kwa ukweli, si programu inayokisia.

Sasa kuchagua. Bei yangu ilikuwa inanipa njia tatu hivi. Ya kwanza ilikuwa Canon 4000D mpya kwa boksi, maana mpya inavutia, unapewa waranti, unakuwa wa kwanza kuishika. Nikaishika. Ni nyepesi sana, mahali lenzi inaingilia ni plastiki, kioo cha nyuma ni kidogo na hakigeuki, na kwa dirisha la kuchungulia hakuna kile kigurudumu cha kurekebisha ukungu wa macho. Mimi navaa miwani. Hapo ikaisha. Kitu kimoja tu inachoishinda 600D nacho ni Wi-Fi, lakini ilitoka 2018 na bado wameipunguzia vitu ambavyo kamera ya 2011 ilikuwa navyo, na picha zote mbili ni megapikseli 18. Umpya hauna kazi hapo.

Ya pili Nikon, zile D3100 na D3200 ziko nyingi mjini na bei yake ni poa, na D3200 ina megapikseli 24. Ni kamera nzuri, sitawadanganya. Lakini kuna kitu wauzaji hawakuambii, hizo Nikon ndogo hazina mota ya fokasi ndani ya mwili, kwa hivyo ukinunua lenzi ya zamani ya bei ya chini, zile za AF-D, itaingia vizuri kabisa lakini fokasi utakuwa unazungusha kwa mkono mpaka uzeeke. Lazima utafute zilizoandikwa AF-S, na hizo ziko juu kidogo. Kwa Canon hakuna hiyo stori, lenzi yoyote ya EF tangu 1987 inaingia na inafanya fokasi yenyewe. Kwa mtu anayenunua mtumba hiyo ni raha kubwa.

Kwa hivyo nikaamua 600D. Na hapa nataka mkae chini mnisikilize juu hii sehemu ndio iliniokolea pesa.

Hii kamera ina majina matatu. Huku na Ulaya ni 600D, Marekani waliiuza kama Rebel T3i, Japani ni Kiss X5. Ni kitu kimoja. Sasa nilikuwa kwa jengo moja la eksibisheni upande wa Moi Avenue, ghorofa ya tatu, nimeonyeshwa 600D kwa elfu ishirini na saba, natoka hapo milango miwili mbele naonyeshwa T3i kwa 33,000. Nikamuuliza yule jamaa mbona bei imepanda hivyo. Akaniambia bila kupepesa macho, "Bosi, hiyo ya huko ni ya kawaida, hii ni ya Marekani, iko na nguvu." Nguvu! Sijui alikuwa anajua anadanganya ama na yeye aliuziwa hivyo hivyo. Nikamshukuru nikarudi kwa yule wa kwanza.

Yule wa kwanza alikuwa kijana mpole, lakini alifanya kitu moyo wangu ukaruka. Alifungua lenzi anionyeshe ndani ni safi, akaona vumbi kwa kile kioo cha ndani nyuma ya lenzi, akapuliza kwa mdomo. Fuuu. Mate na yote. Wakubwa, msikubali hivyo, mkiona mtu anataka kupuliza mwambieni aache, kuna kampira ka kupulizia hewa kanauzwa, mate yakikauka hapo ndani yanaacha madoa na kuyatoa ni kazi ya fundi.

Nikamwambia naomba nitoke nayo hadi dirishani. Akasita, nikamwachia kitambulisho. Nilikuwa nimekuja na memori kadi yangu, na hapo dirishani nikafanya mambo manne. Nikaweka f/22 (hapo tundu la lenzi ni dogo sana, namba ikishuka tundu linapanuka), nikatoa fokasi, nikapiga picha ya anga. Siku hiyo Nairobi ilikuwa na yale mawingu ya Julai, meupe sare kama shuka, huwezi kupata karatasi nzuri zaidi ya kupimia. Nikakuza picha nikaona vidoti vitatu vyeusi, mbili kona ya juu moja karibu katikati. Hilo ni vumbi kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, linasafishika, si ugonjwa, lakini ni sababu nzuri sana ya kuongea bei. La pili nikamulika lenzi na tochi ya simu kutoka nyuma nikichungulia mbele, polepole, nikiigeuza geuza. Unatafuta nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na ukiiona weka chini uende, hata wakupunguzie nusu. Yangu ilikuwa na chembe za vumbi tu. La tatu nikapiga picha ishirini haraka haraka nikisikiliza shata (lile pazia la ndani linalofunguka na kufunga kila picha) kama sauti inabadilika, na nikafungua na kufunga ile flashi ya juu. La nne nikatoa betri nikaangalia pale mahali pake kama kuna kutu ya kijani.

Kitu kimoja sikuweza kupima ni shata imepiga mara ngapi. Kijana alisema elfu tano tu, ambayo kwa kamera iliyokuwa na mpini umeng'aa kwa kushikwa ni kama mtu wa miaka sitini kukuambia ana thelathini. Nikon huwa zinaandika hiyo hesabu ndani ya picha yenyewe, unaisoma kwa kompyuta. Hizi Canon hapana, mpaka uichomeke kwa waya na programu maalum. Nikaacha. Ukitaka kuwa na uhakika beba laptop.

Tukaanza kuongea. Yeye 27,000, mimi nikamwonyesha vidoti. Akasema hiyo ni vumbi, nikasema ndio, na fundi hasafishi bure. Tukamalizia 24,500 ikiwa na lenzi ya 18-55, betri moja, chaja, na waranti ya siku saba iliyoandikwa kwa risiti. (Aliponiambia inakuja na lenzi ya kit mimi nilisikia kiti, nikabaki naangalia kama kuna stuli inaletwa.) Siku saba ni chache lakini nilizitumia zote, nilipiga picha kila siku hata za sufuria, na hakuna kilichoharibika.

Sasa kamera yenyewe ikoje baada ya miezi saba. Kwanza kile kioo cha nyuma kinachogeuka, mimi nilidhani ni urembo, kumbe ndio kitu natumia sana. Unashika kamera chini kiunoni, unakiinua kioo kinaangalia juu, unapiga mtu bila kumwelekezea bunduki usoni. Watoto wa ploti hawagandi tena. Lakini kuna ubaya wake, ukitumia hicho kioo badala ya dirisha, fokasi inakuwa ya kobe, inatafuta mbele nyuma mbele nyuma, mtoto ashaenda zake. Kwa dirisha iko haraka, ina pointi tisa za fokasi na ile ya katikati ndio ya kuaminika, mimi naifunga hapo tu. Video inapiga vizuri ila haifuati mtu mwenyewe ukirekodi, akisonga ni wewe kuzungusha. Wi-Fi hakuna, unatoa kadi unaweka kwa kisomeo unachomeka kwa simu, nimezoea. Betri ni nzuri, naenda Arboretum Jumamosi nzima narudi imebaki. Nilinunua ya pili isiyo ya kampuni kwa 1,500 na inaisha katikati ya safari, lakini kwa bei hiyo sina la kusema.

Usiku ndio inajulikana umri wake. Mpaka ISO 1600 (ISO ni ile namba unapandisha kamera ione gizani) ni sawa, kupanda hapo picha inaanza kuwa na mchanga. Na ile lenzi ya 18-55 haisaidii, ukizumu hadi mwisho inafunguka f/5.6 tu, ndani ya nyumba yenye balbu moja unapata ukungu mtupu. Wiki tatu za kwanza nilikuwa najuta kabisa, nikiangalia picha za simu na za kamera naona simu inashinda, nikajiuliza hivi nimenunua jiwe.

Halafu nikapata 50mm.

Hii ni ile Canon 50mm f/1.8 STM, ilitoka 2015, ndogo kama kikombe cha kahawa ya Mombasa, gramu 160. Nililipa 9,000 kwa mtu aliyekuwa anahamia kamera mpya za Canon zisizo na kile kioo cha ndani (mirrorless), zile za R, na hapo kuna siri kidogo: wenye pesa wanahama, lenzi zao za zamani zinashuka kwetu. Chunga usiuziwe ile ya zamani kwa bei ya hii, ya zamani inaitwa II, shingo yake ya kuingilia ni plastiki na fokasi yake inalia kama nyuki kwa chupa. Hii ya STM ina shingo ya chuma na iko kimya.

Tofauti? f/1.8 ukilinganisha na f/5.6 inaingiza mwanga karibu mara kumi. Mara kumi, si maneno ya matangazo, ni hesabu. Nilimpiga mathe jioni ameketi karibu na mlango, kilemba kile kile, taa haijawashwa, na kila uzi wa kitenge unaonekana mpaka pindo, nyuma pazia limeyeyuka kama uji. Aliiangalia kwa kile kioo kidogo akaniambia, "Ebu nitumie hiyo, na usiitie maneno." Ameiweka WhatsApp mpaka leo.

Lakini mniskize, hiyo picha ilipigwa nikiwa nje kwa korido. Nakaa bedsitter, na sensa ya 600D ni ndogo kiasi kwamba 50mm inakuwa kama 80mm kwa kamera kubwa. Maana yake ni kwamba ndani ya chumba unapata uso na mabega, ukitaka mtu mzima unarudi nyuma unagonga kitanda, unarudi unagonga jiko, mwisho uko nje kwa korido na jirani anapita na ndoo anakuuliza "Kuna nini?" Kama nyumba yako ni kubwa ama unapiga nje hiyo si shida. Kama ni chumba kimoja kama changu, fikiria Canon 24mm f/2.8 STM, ile nyembamba kama mandazi iliyokandamizwa, hiyo kwa 600D inakuwa kama 38mm na mtu mzima anaingia bila kufungua mlango. Haifungui sana kama 50 lakini unaishi nayo.

Na kwa korongo 50 haifai kitu, unapata mti na doti. Niliazima lenzi ya kuvuta mbali, 55-250, ya mtu wa kazini wikendi moja, nikaona mpaka ule mfuko wa shingo unavyoning'inia. Si sura ya kuonea karibu, lakini picha ilikuwa tamu.

Haya, pesa zilizopotea. Memori kadi ya kwanza nilinunua kwa kibanda, 1,200, imeandikwa GB 64, paketi inang'aa. Picha za kwanza mia mbili na kitu ziko sawa. Siku nilienda Railway Museum, nikapiga zile injini za zamani za mvuke asubuhi nzima, kufika nyumbani nusu ya picha ni kijivu na mistari, zingine hazifunguki. Kadi ilikuwa ya ukubwa mdogo imechezewa ijidai ni 64, ikijaa inaendelea tu kukubali picha na kuzitupa hewani bila kukuambia. Kuna programu ya bure ya Windows inaitwa H2testw, inajaza kadi yote halafu inasoma tena ikuambie ukweli, ifanye siku ya kwanza kabla hujapiga chochote cha maana. Niliporudi kwa kibanda yule jamaa aliniambia kadi ni kama mayai, huwezi jua la ndani. Nikanunua nyingine ya GB 32 kwa duka lenye risiti, 1,800, nikaipima, iko sawa.

Traipodi, ile stendi ya miguu mitatu, ya 1,800 ni takataka, ukiweka kamera inainama polepole kama mtu anasinzia kanisani. Naweka kamera juu ya ukuta na ile saa ya sekunde mbili, inatosha. Begi nilienda Gikomba nikapata begi ya chakula ya mtumba, ile yenye kitambaa cha fedha ndani, pamoja na sponji niliyokatiwa na fundi wa viti ikawa 450. Haifanani na begi ya kamera hata kidogo na hiyo ndio raha yake, ndani ya matatu naonekana nimebeba ugali. Ule ukanda wa shingo wenye jina la kampuni kwa maandishi makubwa pia nilitoa, wa nini kutangaza tao nzima.

Kitu kingine hakigharimu chochote lakini kilinichukua miezi mitatu kujua: kamera inapima mwanga kana kwamba dunia yote ni kijivu. Ukimpiga mtu wetu mweusi amesimama mbele ya anga jeupe ama ukuta wa chokaa, inaona kumekuwa na mwanga mwingi, inapunguza, na uso unakuwa kivuli na meno. Usilaumu lenzi. Kuna kitufe kimeandikwa Av na alama ya kujumlisha na kutoa, shika hicho uzungushe kigurudumu mpaka jumlisha moja, jaribu tena. Na saa sita mchana hapa kwetu jua liko utosini, macho yote yanakuwa mashimo, ngoja saa kumi na moja jioni. Jua letu halichelewi, ukifika saa kumi na mbili na nusu hivi limeenda, kwa hivyo una kama saa moja na nusu ya mwanga mzuri na hapo usipoteze ukibadilisha lenzi.

Nikiambiwa nianze upya na elfu thelathini zile zile, ningechukua mwili peke yake bila ile 18-55, nitafute moja iliyochakaa nje lakini safi ndani, halafu zinazobaki zote ziende kwa lenzi moja nzuri na kadi moja ya ukweli. Traipodi hapana. Kamera naipa nne kwa tano, imekatwa moja kwa ajili ya usiku. Ile 50 naipa tano, hata na korido.

Juzi nilionyeshwa hiyo 24mm, bei safi sana, jamaa hata ameweka kwa paketi na silika ya kunyonya unyevu. Nikatoa simu nikawasha tochi. Utando wa buibui, pembeni kabisa, mwembamba hata yeye alijifanya haoni. Nikamrudishia.